Naomba ushauri: gravere (mashini ya kuandika DVD) yenye itakubali ku Mac

Jambo ba ndugu, niko hapa Goma, nafanyaka video za ndoa na za komunyo. Vijana wanachukua ku flash bila shida, lakini ba mama bado wanataka DVD ya kutia mu lekteri, na ni bo banalipaka. Sasa niko na MacBook Pro ya 2019, ile ya USB-C tupu, haina mahali pa disiki. Nawaza SuperDrive, gravere ya Apple yenyewe, lakini ile inakataaka kupita mu hub (kale kadude ka kuongeza matundu ya USB), inaomba adapteri ya moja kwa moja, na bei yake weee! Pale Birere wananionyesha LG na ASUS za USB, muuzaji anasema unachomeka tu, hakuna drayva. Kwa kuweka mafaili tu, ni sawa, Finder ya Mac inagrave yenyewe, ila mi nataka DVD ya kucheza ku televizyo, na iDVD, programu ya Apple ya kutengeneza DVD za vile, ilishakufaka zamani. Nani anatumiaka ile programu ya bure inaitwa Burn? Na je, moto (umeme) wa USB unatosha wakati iko inagrave, ao nitafute ya kable mbili za USB?