Tupeane uzoefu: mliowahi kutembeza wageni hifadhini kwa msimu, siku gani ulijuta kuomba hiyo kazi?

MwanaMsolwa: Wakuu habari zenu. Leo nimekutana na dogo mmoja ana buti mpya kabisa anaenda Mang'ula kuomba kibarua cha kutembeza wageni msimu huu, nikabaki nacheka peke yangu. Mliopita huko, iwe Udzungwa, Serengeti, Jozani au mlimani, hebu mwageni hapa.

buti_kuukuu: Mimi siku ya kwanza tu. Tarangire, nimevaa shati la bluu iliyokoza nionekane mtanashati, mbung'o wakanifanya kitoweo. Hakuna aliyeniambia bluu na nyeusi ndo zinawaita.

mama_wawili: 😂😂 bluu na nyeusi wanazipenda kama nini sijui

bin_sanje: Uzi umenigusa pabaya huu. Nilikuwa nimemaliza chuo sina mbele wala nyuma, nikapata kibarua Udzungwa kuanzia Juni mvua zikishakata. Mnaopajua mnajua, kule hakuna cha Lendikruza, ni mguu tu na mwinuko wa kukutoa roho. Siku hiyo tumepandisha maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, wageni wanne, mimi, na renja mmoja mtu mzima na bunduki yake. Kati ya wageni alikuwepo babu mmoja mbishi, kamera shingoni, nikisema tutembee mstari mmoja yeye anachepuka, kaona ngolaga, yule kima wa kule, juu ya mti, kaona kipepeo, yani tabu tupu. Tunashuka, renja akasimama ghafla akainua mkono. Mavi ya tembo, bado yanatoa moshi. Matawi yanavunjika kulia kwetu ila huoni kitu, si unajua ule msitu ulivyofunga. Nageuka kuhesabu watu, babu hayupo. Namuuliza mkewe kwa kunong'ona, ananiambia kaenda kuchimba dawa. Upande gani? Kulia. Jamani simu inazima, umeme umekatika tangu asubuhi, narudi

mzee_wa_pori: Wewe bin_sanje una roho mbaya

KaruraBoy: Nyinyi wa msitu mko sawa sana. Huku Maasai Mara, Kenya, kuanzia Julai hadi Oktoba unakaa na jua kando ya mto, mgeni anakuuliza nyumbu watavuka saa ngapi, ni kama ni basi. Na kama hujafanya mtihani wa bronze, ule wa kwanza wa waongoza watalii, kambi nyingi hata hawataki kukuona.

Ndutu_one: Nyumbu wanazaliwa Ndutu, huku kwetu, Januari mpaka Machi. Kwenu wanakuja kusalimia tu.

KaruraBoy: Wakisalimia wanaacha dola boss

Ndutu_one: Mto Mara wenyewe unapita Kogatende, wanavuka huku huku Tanzania, mgeni ana haja gani ya kuja kwenu?

mama_wawili: Nyie rudini kwenye mada, babu yupo kichakani!!

mtoto_wa_unguja: Sie huku Jozani hatuna tembo, tuna kima punju, na balaa letu ni wageni wenyewe. Unawambia wasiwasogelee, mtu anatoa ndizi mkobani. Mara moja mgeni kamuona kima anatafuna mkaa akanigombeza mie, ati tunawatesa wanyama, nikamueleza mkaa wanakwenda kuiba wenyewe majikoni kwa watu, unawasaidia kupunguza sumu ya majani wanayokula. Hakunisadiki ng'o.

kwale_wa_mchuzi: Bora hao. Wa ndege ndo kiboko. Anataka umuoneshe kwale wa Udzungwa, wanasayansi wenyewe wamemjua 1991, yupo juu kule Ndundulu siku nzima ya kutembea, yeye kalipia matembezi ya Sanje ya masaa manne. Na tipu hatoi.

bin_sanje: Nimerudi. Basi renja akaniambia shusha hawa watatu nyuma ya ule mti mkubwa, usiongee. Mke wa babu ameng'ang'ania mkono wangu kucha zimeingia. Mara babu huyo anatoka kichakani, mkono mmoja kashika suruali mwingine kashika kamera, kiatu kimoja hana, na nyuma yake tembo jike masikio wazi, ana ndama. Renja hakufyatua, alisimama katikati ya njia akapiga kitako cha bunduki na kupiga ukelele ambao mpaka leo sijausikia tena. Tembo akasimama, akatikisa kichwa, vumbi na majani, akageuka na mwanae. Mimi magoti yalikuwa yanagongana. Tumefika chini babu kamkumbatia renja kampa hela ya maana, mimi akanishtaki kwa bosi kwamba sikumwambia choo kiko wapi. Choo! Msituni! Na ile siku sikulipwa.

Ndutu_one: Chai hiyo. Tembo mwenye ndama hageuki kwa kelele.

mzee_wa_pori: Anageuka, anakutisha kwanza, wengi ni vitisho tu. Ukikimbia ndo umekwisha.

buti_kuukuu: Sisi tulifundishwa kimbia zigizaga

mzee_wa_pori: Zigizaga kwenye msitu wenye mizizi? Labda na tembo naye awe amelewa.

mama_wawili: Mimi mwenzenu nilibeba mizigo Kilimanjaro, sheria inasema kilo 20, ukifika getini wanapima vizuri, ukishapita geti bosi anakuongezea kakifurushi "kadogo tu". Hapo ni Oktoba hujala vizuri tangu Mei.

kwale_wa_mchuzi: Aprili na Mei ndo utajua hujui. Hela ya msimu usiifanyie sherehe.

KaruraBoy: Hapo tuko pamoja 🤝

binti_mang'ula22: Samahani wakubwa, na sisi wa kike wanatuchukua? Nimefanya fildi Udzungwa ila kila nikiomba naambiwa subiri.

mama_wawili: Wanachukua mdogo wangu. Usingoje Julai kila mtu kajaa, nenda Aprili wakati bosi hana kazi, ana muda wa kukusikiliza. Jifunze Kifaransa au Kihispania kidogo na cheti cha huduma ya kwanza.

Ndutu_one: Na soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani, siafu wa kule hawabishi hodi.

kwale_wa_mchuzi: Mimi nasema Kihispania kwanza, siafu utawazoea.