Hita ya umeme ya gereji, nichukue ipi?

seremala_wa_usiku:
Wakuu habari, naomba msaada. Gereji yangu ni mita 3 kwa 6, humo nalaza gari na ndo kuna meza yangu ya useremala. Baridi ikikaza vidole vinakufa ganzi, patasi siisikii mkononi na gundi ya mbao inagoma kushika. Nafanya kazi usiku kwa muda wa saa moja au mbili tu, si kila siku. Nimeona za feni, za oili zenye mapezi, na za infraredi za kufunga ukutani, nyingi wati 2000 mpaka 3000. Ipi inatoa joto jingi kwa umeme kidogo?

nyundo77:
Mkuu usidanganywe na maneno ya kwenye boksi, hita zote hizo zinageuza karibu umeme wote kuwa joto, wati 2000 za feni na wati 2000 za oili ni joto lile lile. Tofauti ni linaenda wapi. Feni inapasha hewa, sasa gereji ukifungua mlango mara moja tu hewa yote ishaondoka. Ya oili mpaka ichemke muda wako umeisha. Infraredi inakupiga wewe na meza moja kwa moja, kwa kazi yako mi ningechukua hiyo, ila ukisogea pembeni baridi unaikuta palepale.

fundi_waya:
Kabla ya hita angalia waya kaka. Wati 3000 kwenye volti 240 ni ampia 12.5, plagi ya ampia 13 hapo imefika mwisho, na kwenye volti 120 hata wati 1500 tu zinavuta hizo hizo 12.5. Ekstensheni usiguse kabisa, hasa ile ya kuviringisha. Mimi nilichomoa plagi ya hita nikakuta pini moja imekuwa kahawia na plastiki imelainika kama nta, na harufu nilikuwa naisikia siku tatu nzima nikapuuza. Ita fundi akuvutie laini yake peke yake.

mama_karakana:
Jamani kasema gari linalala humo! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, sasa uweke koili nyekundu chini hapo? Ifunge juu, na vumbi la mbao ulifagie kabla hujawasha, thina na makopo ya rangi yakae mbali. Halafu ziba chini ya mlango na mpira, bila hivyo unapasha joto barabara.

seremala_wa_usiku:
Asanteni sana, nimeenda kuangalia, chini ya mlango kidole kinapita chote! Naanza na mpira, halafu fundi, halafu infraredi. Ila dari yangu ni mita 2.3, haitanichoma kichwa?

nyundo77:
Usiiweke juu ya utosi, ifunge ukutani pembeni ya meza uiinamishe ikupate kifuani na mikononi. Umbali wa kutoka darini umeandikwa kwenye kitabu chake, usipunguze hata kidogo.