Mrejesho: faundesheni kugeuka kijivu na kukatika puani

Niliuliza hapa kwa nini faundesheni (kipodozi cha rangi ya ngozi cha kupaka usoni) inageuka kijivu, kisha inakatika puani joto la Mombasa likipanda. Ahsanteni sana dada zangu, yote mawili yamekwisha.

Kijivu kilitokana na rangi yenye wekundu kupakwa kwenye ngozi yenye umanjano. Sasa najaribia kwenye taya, si mkononi, natoka nje mwangani na kungoja dakika 15, maana faundesheni nyingine rangi hukoza zikikaa.

Kukatika kulisababishwa na praima (krimu ya kutangulia faundesheni) ya silikoni chini ya faundesheni iliyotengenezwa kwa maji: hazishikani, zinateleza na kuvingirika vipande vipande. Zote ziwe za maji. Sanskrini (krimu ya kukinga jua) itangulie, ikauke. Sponji iloweshwe, ikamuliwe sana, igongwe bila kusugua. Poda puani na kwenye paji tu. Jasho likija, bonyeza tishu kwanza. Poda juu ya jasho huganda madoa.