Lamu na mgeni wa begi mgongoni: tumtake, au tumwache ashukie Zanzibar?

Mwanzisha mada, Langoni

Kaskazi ikianza kuvuma tu, maneno haya hurudi barazani: eti Lamu iache kuhangaika na wageni wa begi mgongoni, wale wanaouliza bei vyumba vitatu kabla ya kuweka mzigo chini, imwangalie tajiri anayekodi nyumba nzima kijijini Shela. Hoja ni fupi: wageni wachache, pesa nyingi, vurugu haba. Nimeisikia kwa watu wenye akili zao timamu, ndiyo maana naileta hapa tuijadili waziwazi.

Mimi siikubali. Fuateni pesa inakopita. Mgeni wa begi anavuka kutoka Mokowe, gati la bara, kwa boti ya abiria, kabanana na kina mama na magunia ya unga. Anapanga chumba mtaa wa Mkomani. Asubuhi anakula mahamri na mbaazi kwa mama wa kibarazani, jioni mishkaki na viazi karai karibu na ngome, katikati juisi ya ukwaju. Akitaka kuyaona magofu ya Takwa kule kisiwani Manda, anatafuta wenzake wagawane gharama ya mashua, na mashua ni ya mtu wa hapa. Kila siku pesa yake, ndogo kama ilivyo, inaingia mifuko ya watu wasiojuana. Tena hakai siku mbili. Akipapenda anakaa mpaka watoto wa mtaa wamjue jina.

Tajiri anashuka uwanja wa Manda kwa ndege, anapokewa na boti ya nyumba, anaingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe yuko Ulaya na malipo yameshapokelewa hukohuko. Akiondoka, walioambulia kitu Lamu ni mpishi, mlinzi na mwenye punda aliyebeba masanduku. Sisemi hao si watu. Nasema ni wachache.

Wala tusijifanye kwamba mgeni wa mfuko mwepesi ni jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na yote ya 1970 walijaa hapa vijana wa Ulaya na Marekani, nywele mpaka mabegani, wamekuja kwa barabara na kwa jahazi. Peponi Hotel nayo ilifunguliwa Shela mwaka 1967, kwa mgeni wa aina nyingine kabisa. Wote wawili walipata pa kulala na mji haukuzama. Leo ndiyo tunaambiwa tuchague?

Semeni.

Bi wa Mkomani

Mwanangu, umezifuata pesa mpaka kwa mwenye mashua ukasahau kupanda ngazi za nyumba. Ngoja nikupandishe mimi.

Nyumba zetu za mawe zilijengwa ili mwanamke akae uwanjani mwake, ule wa ndani ya nyumba, akaange, afue, afunue kichwa, asionwe na mtu. Kuta zimepanda, madirisha ya njiani ni machache, hata wikio linalovuka kichochoro liliwekwa ili watu wapite nyumba kwa nyumba bila kushuka njiani. Sasa jirani yangu ameongeza ghorofa moja, akaweka makuti juu, akatandika magodoro, anauza "malazi ya juu, upepo wa bahari." Wageni wake wakiamka wanachungulia uwanja wangu kama wako sinema. Wengine wanapiga picha. Mimi natoka kuanika nguo nimejifunika buibui ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Tajiri wa Shela hanichungulii. Yuko mbali na ana bwawa lake. Kwa hiyo ukiniuliza nani simtaki, jibu langu si gumu.

Na kaptura za sokoni sijazitaja, nazitaja sasa. Maldivi wenyeji wote ni Waislamu kama sisi, na visiwa wanavyokaa wenyeji havina pombe. Mgeni anayetaka kuvaa nguo za kuogelea ametengewa ufuo wake, umezungushiwa uzio, kuna kibao. Wameweza wao, sisi tunaona haya kumwambia mgeni neno.

Kijana wa Gadeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimemaliza.

Bi wa Mkomani

Na ile ya siku ya tatu mpe jembe hukufundishwa?

Mtembezi, Mombasa

Nimetembea visiwa kadhaa kwa pesa za kuungaunga, kwa hiyo nitazungumza kwa upande wa huyo mnayemjadili.

Watu hudhani kisiwa rahisi ni kile chenye chumba rahisi. Chumba ndicho cha mwisho kuhesabu. Anza na gharama ya kufika na ya mlangoni. Kenya tangu Januari 2024 wageni wengi wa nje hawaombi viza, wanalipia kibali cha mtandaoni, dola 30 hivi, na Lamu imo humohumo. Zanzibar, mbali na viza ya Tanzania ambayo kwa wengi ni dola 50, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44, hata kama unakaa usiku mmoja. Na feri ya Dar kwenda Unguja ina bei ya mkaazi na bei ya mgeni. Bali tangu Februari 2024 wanatoza rupia 150,000 kwa kila mgeni wa nje anayeingia. Maldivi wanatoza kodi ya mazingira kwa kila usiku. Ukiyajumlisha hayo kwa mtu anayekaa siku nyingi mahali pamoja, Lamu haina mpinzani pwani hii: ukishafika, huhitaji gari, miguu inatosha. Mjini mpaka Shela ni mwendo wa dakika arobaini hivi, na ufuo wa kilomita kumi na mbili hauna geti wala tiketi. Usipande boti ya kukodi peke yako, ngoja ijae. Njoo baada ya masika wakati vyumba vingi vitupu, utapunguziwa bila kubishana.

Sasa kwa nini hawaji kama zamani? Kwa sababu ya njia. Baada ya utekaji wa watalii mwaka 2011 na shambulio la Mpeketoni Juni 2014, nchi zao zilitoa maonyo. Uingereza kwa mfano imekuwa ikivitoa kisiwa cha Lamu na Manda katika onyo lake, lakini bara ya kaunti, ambako ndiko basi linakopita, imo. Mtu akipuuza onyo la serikali yake, bima nyingi za safari hazimlipi akipatwa na jambo. Matokeo yake ni nini? Usafiri wa bei nafuu, yaani basi la Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, ndio unaomkosesha bima. Wa salama machoni pa bima ni ndege. Mgeni wa begi hana pesa ya ndege. Kwa hiyo mnabishana kama mumfukuze mtu ambaye alishazuiliwa Garsen.

Lami ya Garsen imekuja na safari imekuwa fupi, hilo nashukuru. Lakini karatasi za bima hazisomi lami.

Fundi wa plasta, Shela

Assalaam aleikum. Hapa naona Mzungu mwenye nyumba anapigwa mawe na hayupo kujitetea, basi nimtetee, kwa kuwa nimekula kwake.

Nyumba ya zamani ni ugonjwa wa familia. Warithi ni kumi na wanane, mmoja yuko Jeddah, mmoja Mombasa, boriti zinaoza, mvua inaingia, hakuna wa kutoa hata mfuko mmoja wa chokaa. Inaanguka. Zipo Mkomani zilizobaki magofu na mbuzi wanalala ndani. Anakuja mtu wa nje ananunua, anataka vidaka vya ukutani virudishwe kama vilivyokuwa, mlango uchongwe upya, boriti za mikoko zibadilishwe. Mimi na wanafunzi wangu tunafanya kazi miezi. Mchonga milango anapata. Mchoma chokaa anapata, mwenye jahazi anayeleta matumbawe na mchanga anapata, punda wanapata kazi. Nitajieni mgeni wa begi mmoja aliyewahi kutengeneza paa.

UNESCO imeuandika mji huu tangu mwaka 2001. Sifa hiyo haikai kwa mishkaki.

Mwanzisha mada, Langoni

Fundi, wa aleikum salaam. Kazi yenu naiheshimu na sitaikejeli. Lakini umejibu swali la nani anatengeneza nyumba, mimi nauliza nani anabaki nayo. Hao warithi kumi na wanane waliuza wakagawana, pesa zikaisha kwa harusi na bodaboda. Sasa wamepanga vyumba Wiyoni, na mtoto wao ndiye mlinzi kwenye lango la babu yake. Paa zuri, kweli.

Wa Nairobi, naja Lamu nikipata likizo

Samahani wenyeji, mnisikilize kidogo. Mnaposema mgeni mnamaanisha Mzungu tu? Mimi ni mwalimu. Nalala kwenye basi usiku, nashushwa kwenye vizuizi kuonyesha kitambulisho, nafika Mokowe miguu imevimba. Begi langu liko mgongoni. Halafu gatini nakutana na kijana ananisemesha Kiingereza na bei ya dola.

Bima ya Mtembezi hainihusu, onyo la Uingereza halinihusu. Niko hapa mwezi wa nane na wa kumi na mbili shule zikifungwa, na wenzangu wengi wangekuja kama wangejua bei ni ipi kabla ya kupanda basi. Wengi huenda Diani kwa kuwa treni iko mpaka Mombasa na bei ya chumba imeandikwa. Wekeni bei ukutani. Boti ya abiria kiasi hiki, Shela kiasi hiki, mashua ya kutwa kiasi hiki. Hilo halihitaji waziri.

Na Bi wa Mkomani, shikamoo. Hilo la kuchungulia uwanja ni aibu, naliunga mkono.

Bi wa Mkomani

Marahaba mwanangu. Ukija uliza kwangu, nitakuonyesha nyumba isiyochungulia uwanja wa mtu.

Nahodha, Matondoni

Nyote mnahesabu vitanda. Maji je? Maji matamu ya mji huu yako chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inanyonywa na mchanga, visima vinapata. Jenga juu ya matuta, chimba vyoo, weka mabwawa ya kuogelea, halafu muone kama mtatofautisha choo cha tajiri na cha maskini. Boracay kule Ufilipino walifungiwa kisiwa kizima miezi sita, Aprili hadi Oktoba 2018, kwa sababu ya maji machafu yaliyokuwa yakimwagwa baharini. Kilichowafunga ni mabomba. Kisiwa kilichojaa hoteli za kila bei.

Kwenye hili simtetei yeyote. Bwawa moja la Shela linakunywa kuliko ndoo za watu wengi wa begi, lakini watu wa begi nao wakizidi, ni walewale.

Mwanzisha mada, Langoni

Nahodha ameleta kitu ambacho kinanisaidia kusema ninalotaka hasa.

Kupima mgeni kwa uzito wa pochi ni kupima kitu kisichotuhusu. Angalieni Maldivi tena, Bi amewataja vizuri. Kwa miaka mingi mtalii alifungiwa kwenye visiwa vya hoteli, mwenyeji akabaki mfanyakazi wa kuvushwa kwa boti. Tangu mwaka 2009 wenyeji wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi, na sehemu kama Maafushi zikageuka. Kuna waliolalamika kwamba pamejaa mno, na nadhani wana haki. Lakini mwenye nyumba ni wa pale. Na kodi ile ya mazingira, tangu Januari 2025 hoteli kubwa zinatozwa dola 12 kwa mtu kwa usiku, nyumba ndogo za wenyeji dola 6. Anayetumia zaidi analipa zaidi.

Basi na sisi tutofautishe kwa leseni. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo au mtaa huo, itozwe kidogo. Nyumba ya mwenye kuishi nje, na hasa yenye bwawa, itozwe maradufu na pesa ziende kwenye visima na matuta. Fundi hatakosa kazi. Tajiri hakimbii kwa dola sita. Bei ziandikwe gatini kama alivyosema mwalimu, kwa Kiswahili kwanza. Na juu ya paa wanakolala wageni pawe na ukuta unaomficha jirani, la sivyo hakuna leseni.

Miji ya kisiwa cha Pate, kama Siyu na Faza, nayo ingepata mgao. Leo mgeni akiuliza jinsi ya kufika Siyu anaambiwa "subiri maji yajae," na hakuna anayemwambia ni saa ngapi.

Fundi wa plasta, Shela

Ukuta juu ya nyumba ya zamani? Utaomba kibali kwa watu wa Makumbusho wa uhifadhi, na watakuambia umeharibu sura ya mji. Kuta za chini nazo hazikujengwa kubeba huo uzito.

Bi wa Mkomani

Godoro zilipopanda juu kibali kiliombwa? Ikiwa ukuta ni mzito, wasimamishe kiyambaza cha makuti, chepesi, kimpite mtu urefu akiwa amesimama. Na kisimame kabla ya leseni kutoka, si baada. Najua ahadi za baada.