Mada: I-131 (ombi la ruhusa ya kusafiri) haijajibiwa, Krismasi imefika, na kaka hatuongei

Kutoka: Baba Neema, Houston
Wakubwa shikamooni. Nina I-485 (ombi la grini kadi) ya ndoa, I-131 niliipeleka pamoja nayo, alama za vidole nilishatoa. Leo nimepiga simu, nimeambiwa nisubiri tu. Mwaka huu nataka nifike Rombo kwa hali yoyote. Mimi na kaka hatusalimiani tangu mzee afariki, kisa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mama anasema tarehe 26 ukoo wote unakaa, anataka atuone tunakunywa mbege kata moja. Kuna aliyewahi kupata AP, yaani ruhusa ya kutoka Marekani na kurudi wakati ombi linaendelea, ya dharura bila msiba wala ugonjwa?

Kutoka: Mama Doreen, Minneapolis
Pole sana baba. Usithubutu kutoka bila AP, I-485 itahesabika umeitelekeza. Mimi nilijaza hiyo hiyo I-131, nikapewa ya miaka 2, nikakaa Marangu hadi roho ikatulia.

Kutoka: Mzee wa Columbus
Mama Doreen, unapoteza watu. Hiyo ya miaka 2 ni ya wenye grini kadi. Fomu moja, mambo mawili tofauti. Na mwenye viza ya kazi ya H-1B iliyo hai anatoka na kurudi bila AP. Halafu hata ukiwa nayo, afisa wa uwanjani ndiye anayeamua kama unaingia. Someni maelezo ya fomu kwanza.

Kutoka: Mama Doreen
Mzee, nilichosema kuhusu kutelekeza ni kweli, na yeye ni wa ndoa, H-1B inamhusu nini? Baba Neema, wakati unasubiri, mwombe dada yako apeleke isale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha, kwa kaka yako. Mama yangu na wifi yake walikuwa hawaombani hata chumvi. Isale lilipofika lilikuwa limeshanyauka kwa jua, lakini wifi alilipokea kwa mikono miwili, akaita watoto walete viti. Ukiletewa isale hukatai. Na ninyi si mnagombania mpaka? Mipaka yetu imepandwa masale hayo hayo, akate palepale.

Kutoka: Mjomba, Dallas
Asikate palepale! Kaka ataona mmeanza kung'oa mpaka. Achume kwa jirani, na aende na mtu mzima, si peke yake. Mmenikumbusha treni ya Dar–Moshi iliporudi Desemba 2019. Nilipanda na wanangu, kufika Same watu wa behewa zima tumeshajuana koo. Huku Krismasi unaipitishia zamu ya usiku.

Kutoka: Dada, Seattle
Tungekuwa na uraia pacha tusingeogopa kuchukua wa huku. Wakenya wanao tangu Katiba ya 2010. Sisi mtu anachagua kati ya pasi na kwao.

Kutoka: Mzee wa Columbus
Uraia pacha haumpi AP mtu ambaye hana hata grini kadi.

Kutoka: Baba Neema
Asanteni. Dada amekubali, ataenda na shangazi Jumamosi. Ila kwenye miadi ya kuomba AP ya dharura, barua ya paroko inapokelewa kama ushahidi?

Kutoka: Dada, Seattle
Mzee, sikusema unampa AP. Nimesema mtu asilazimishwe kukana kwao. Mimi pasi yangu ya Tanzania inaisha mwakani, na bado sijajua nifanye nini.