Picha ya bahati pale Kamanga: ni kazi ya mpiga picha au si kazi yake?

Jiwe la Igogo
Wadau wa Mwanza na kanda nzima ya ziwa, naomba mawazo yenu, maana jambo hili limenikaa kooni wiki nzima.

Nilikuwa gatini Kamanga asubuhi nikisubiri pantoni. Nilikwenda kupiga picha za mawe na maji, basi. Pantoni ilipokaribia, kabla mlango haujashushwa, kijana mmoja akaruka na ndoo mkononi. Nikabonyeza kamera ikiwa kifuani, jicho halijafika hata kwenye kioo. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona nilichopata. Kijana yuko hewani, miguu haijagusa zege, na nyuma yake korongo amefungua mabawa sekunde ileile. Mabawa yameota mabegani mwa kijana. Sikumwona yule ndege kabisa nilipokuwa pale.

Kwa rangi, picha ilikuwa fujo: fulana ya matangazo ya rangi ya chungwa, ndoo ya bluu, turubai la kijani. Nikaifanya nyeusi na nyeupe, kelele zote zikanyamaza, yakabaki mabawa. Nikaipeleka kwenye maonyesho fulani hapa mjini. Jaji mmoja akaiondoa akisema hiyo ni bahati, si kazi.

Naomba mniambie kweli. Picha ambayo hukuipanga ni yako au si yako?

Kirumba Juu
Mkuu, ni yako. Huyo jaji alitaka nini, umpange korongo? Wakubwa wenyewe wa dunia walibahatisha. Yupo Mfaransa aliyempiga picha mtu akiruka dimbwi nyuma ya stesheni ya treni, Cartier-Bresson, mwaka 1952 kama sikosei. Hiyo picha hata mtoto anayejifunza kamera leo anaonyeshwa.

Fundi Hasi
Unakosea. Ni 1932, Paris, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare. Tena umeacha sehemu tamu. Aliipiga kupitia upenyo wa uzio wa mbao, na upenyo wenyewe haukutosha lenzi, upande wa kushoto ukazibwa na ubao. Ikabidi picha ikatwe, na huyo alikuwa mtu asiyependa kabisa picha zake zikatwe. Kwa hiyo kama bahati inamnyima mtu kazi yake, waanze kuiteremsha hiyo ukutani kabla ya kuja Kamanga.

Ila nikwambie na wewe, Jiwe. Umeipiga kwa rangi halafu ukaigeuza nyumbani. Hiyo si nyeusi na nyeupe. Hiyo ni picha ya rangi iliyofuliwa.

Jiwe la Igogo
Shikamoo mzee. Iliyofuliwa? Nimekaa na ile picha usiku mzima mpaka jogoo. Rangi ya chungwa niliipandisha mpaka fulana ikawa nyeupe, bluu nikaishusha mpaka ziwa likawa jeusi nyuma ya mabawa. Nyie enzi zenu mlifunga kioo chekundu mbele ya lenzi ili anga ya bluu iwe nyeusi. Tofauti iko wapi? Mkono wangu haukuloa dawa, ni hilo tu?

Fundi Hasi
Marahaba. Tofauti ni kwamba sisi tuliamua kabla. Ukishafunga kile kioo chekundu umekula kiapo, hakuna kurudi. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, nao ulinunuliwa kwa pesa ya chakula. Wewe unaamua baada ya chai.

Nimesafisha picha Kirumba tangu nikiwa kijana, kwenye chumba cha giza kilichokuwa bafu la nyumba ya kupanga. Najua bahati inavyoonekana ikitoka kwenye maji ya dawa: karatasi nyeupe, kinakuja kivuli, halafu macho. Hutulii. Nakubali picha yako ni nzuri, nimeitazama mara nyingi. Nimesema tu iitwe jina lake.

Nyasaka Kwetu
Mzee Fundi, hapo sikubaliani nawe. Kuna Mmarekani, Ansel Adams, mwaka 1941 alikuwa anarudi jioni kwa gari, akaona mwezi unachomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na misalaba ya makaburini inawaka kwa jua la mwisho. Akashuka mbio. Mita yake ya mwanga hakuiona. Akakumbuka mwanga wa mwezi ni kiasi gani, akapiga hesabu kichwani, akafyatua mara moja. Alipogeuza kibebea filamu ili apige ya pili, jua likawa limeshaondoka kwenye misalaba. Lakini hasi ile, yaani filamu ya kuchapia picha, aliendelea kuichapa kwa miaka mingi, na anga akaizidisha weusi kadiri alivyozeeka. Naye alikuwa anaamua baada ya chai, tena ya miaka thelathini.

Bahati ilimpa mwezi. Hesabu ilikuwa yake.

Kirumba Juu
Hapo ndipo penyewe. Mimi barabarani kamera yangu huwa tayari: lenzi ya milimita 35, tundu la kuingizia mwanga namba 8, umbali nimefunga mita 3. Kila kilicho kati ya mita 2 hivi na mita 7 kinatoka safi bila kuangalia. Mtu akiniambia nimebahatisha namwambia aje abahatishe na yeye. Nenda pale soko la Mwaloni, dagaa wameanikwa wanang'aa kama bati jipya, mita ya kamera inadanganyika, inadhani kuna mwanga mwingi, sura za akina mama zinatoka giza tupu. Ukijua hilo unaongeza mwanga. Wale akina mama na moshi na dagaa, hakuna kitu kinakubali nyeusi na nyeupe kama Mwaloni. Mikunjo ya uso inaongea.

Mama Dagaa
Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi, ila hiyo ya mikunjo ya uso imenigusa.

Mimi ni mmoja wa hao akina mama. Nauza dagaa Mwaloni, nimesomesha watoto watatu kwa dagaa. Nina kitenge chekundu ninachokipenda kuliko nguo zote, nakivaa sokoni kwa sababu wateja wangu wananitambua nacho kutoka mbali. Siku moja nilipeleka mzigo kwenye hoteli moja hapa mjini, nikajikuta ukutani. Mimi. Kubwa kama mlango. Kitenge changu kimekuwa cha kijivu kama jivu la kuni, na uso wangu umetiwa weusi mpaka naonekana nimefiwa. Siku ile, kaka yangu, nilikuwa nacheka na mwenzangu, mdomo tu ndio ulikuwa umefungwa.

Harusi zenu mnapiga rangi. Watoto wenu wakihitimu mnapiga rangi. Kwa nini sisi tukiwa kazini rangi zetu zinawakera?

Kirumba Juu
Mama, samahani, lakini soko ni mahali pa umma. Nikiomba ruhusa kwa kila mtu, wakati wenyewe unakufa. Ukimwambia mtu nakupiga, anasimama wima kama wa pasipoti. Hiyo haitakuwa bahati tena.

Mama Dagaa
Sijasema uombe kabla. Nimesema mikunjo yangu haikuongea na wewe. Unasoma?

Binti Ukerewe
Umemjibu jambo asilouliza, Kirumba Juu. Yeye kauliza rangi, wewe unajibu ruhusa.

Kirumba Juu
Na wewe umetumwa? Mimi nimepiga soko lile miaka minane na sijawahi kumdhalilisha mtu. Nikitaka kuonyesha umaskini si ningekwenda kwingine? Nawapiga wale kwa sababu nawaheshimu!

Wakili wa Mtaa
Tulieni. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 2023. Picha ya mtu anayetambulika nayo ni taarifa yake. Ukutani kwa biashara ya hoteli si sawa na kwenye albamu yako nyumbani. Sijasema lolote kuhusu korongo.

Sengerema Mjini
Mimi kinachonishangaza hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini abiria anaruka kabla mlango haujashushwa! Mnasifia mabawa, huyo kijana angeteleza angeingia kati ya pantoni na gati. Ndiyo maana serikali ikajenga daraja la kilomita 3 na mwaka 2025 likafunguliwa. Kamanga ifungwe tu.

Binti Ukerewe
Ndugu yangu wa Sengerema, daraja liko Kigongo na Busisi, huko kusini. Pantoni ya Kamanga inaondokea hapa mjini kati. Mtu wa Kamanga azunguke kote huko kwa ajili ya ndoo moja ya samaki?

Sengerema Mjini
Najua liko wapi, nimepita juu yake. Nimesema usalama. Sisi watu wa ziwa hatuna sababu ya kucheza na maji, na kila mtu hapa anajua kwa nini.

Nyasaka Kwetu
Turudi kwenye picha jamani. Mbona picha ya wale wapenzi wa Paris wanaobusiana barabarani, ya Doisneau mwaka 1950, ni bahati tupu na dunia nzima iliipokea bila kuuliza nani karuhusu?

Binti Ukerewe
Hiyo haikuwa bahati. Aliwapanga. Walikuwa vijana wanafunzi wa uigizaji, aliwaona wakibusiana akawaomba warudie, na jambo hilo likajulikana wazi miaka ya 1990 mwanzoni baada ya watu kumpeleka mahakamani. Yule dada wa kwenye picha, Françoise Bornet, alidai sehemu ya mapato akashindwa. Kilichomsaidia ni nakala aliyopewa na Doisneau mwenyewe siku zile, yenye sahihi. Mwaka 2005 aliiuza mnadani kwa zaidi ya euro 150,000.

Nakala moja tu aliyopewa mkononi. Mama Dagaa, wewe ulipewa?

Mama Dagaa
Sikupewa hata ya kuweka kwenye simu. Niliipiga picha ile picha, mlinzi akaniambia hairuhusiwi.

Fundi Hasi
Sengerema kanikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mapema mwaka 1996 nilipiga maharusi pale bandarini, walitaka meli nyuma yao. Nyeusi na nyeupe, kwa sababu mkanda wa rangi ulikuwa umeniishia. Nilipoisafisha nikakasirika: nyuma ya bega la bwana harusi kuna mtu amesimama na godoro kichwani, anatazama kamera moja kwa moja, meno nje. Ameniharibia. Nikaichapa nikiwa nimemkata.

Tarehe 21 Mei mwaka ule MV Bukoba ikazama. Miezi ikapita, mama mmoja akaja dukani na kaka wa bwana harusi. Mume wake alikuwa kwenye meli. Hakuwa na picha yake hata moja, na huyo kaka alikuwa ameona hasi zangu akamkumbuka mwenye godoro. Nikaingia chumba cha giza na yule mama akasimama mlangoni. Nikaikuza sehemu ile tu. Ilitoka na chembe nyingi kama mchanga, lakini alikuwa yeye, anacheka.

Sikupanga. Nilimchukia yule mtu kwa wiki tatu. Na kama ungekuja na jaji wako siku ile ukaniuliza kama ni kazi yangu, sijui ningekuwa na uso gani wa kujibu. Sikuchukua pesa. Kila baada ya miaka kadhaa watoto wake wanakuja, nawachapia tena.

Jiwe, nilisema picha yako imefuliwa. Nalifuta neno hilo.

Jiwe la Igogo
Mzee, nimesoma nikasimama. Sina la kuongeza.

Kirumba Juu
Mama Dagaa, hiyo picha ya hotelini si yangu, naapa. Lakini ninazo zako mbili, nimezitafuta usiku huu. Moja unacheka. Kitenge ni chekundu kweli. Nitakuletea zote kwa rangi, nimechapa kubwa.

Mama Dagaa
Njoo siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, nina nafasi. Ukija siku za giza nina kazi.

Sengerema Mjini
Jiwe, huyo kijana wa fulana ya chungwa anaitwaje?

Jiwe la Igogo
Sikumuuliza. Aliondoka mbio.

Sengerema Mjini
Kuna kijana hubeba samaki wa shemeji yangu kila asubuhi upande wa Kamanga, ana fulana hiyohiyo, na huruka kila siku, tumemkataza mpaka tumechoka. Nitumie picha nimwonyeshe kesho.

Jiwe la Igogo
Ya rangi au nyeusi na nyeupe?

Sengerema Mjini
Tuma zote. Achague mwenyewe.