Naomba ushauri: leseni ya urubani ya Marekani au ya Ulaya?

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, Tabata. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PGM, na anataka kurusha ndege nje ya nchi. Nyumbani tumekubaliana kuuza kiwanja cha Chanika tumsomeshe, kwa hiyo hakuna kujaribu mara mbili.

Leseni ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inasifiwa kwa unafuu, lakini kuajiriwa kule lazima uwe na haki ya kufanya kazi, na mashirika ya abiria kwa kawaida yanataka saa 1,500 angani. Ya EASA, shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya, ina mitihani 13 ya nadharia, na mwenye FAA akitaka kuhamia huko anaifanya yote. Uingereza ilishajitoa EASA, ina leseni yake.

Moyo wangu uko Ulaya. Kinachoninyima usingizi ni baada ya kuhitimu: nani atamwajiri akiwa na kama saa 200 tu za kurusha ndege? Au aanze na ya hapa nyumbani, ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), akusanye saa kwenye ndege ndogo za Zanzibar na Serengeti, ndipo abadilishe?

Marubani mlioko Uarabuni, waajiri wenu walitaka ipi? Na kipimo cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa kibiashara, si bora afanye kabla hatujauza kiwanja?